Homa Isiyosubiri Asubuhi: UVIKO-19 kwa Vijana Wenye Saratani

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania kutangazwa Arusha, serikali ilifunga shule. Vijana wa Itilima, mkoani Simiyu, walibaki nyumbani, pamba ikiwa bado shambani. Lakini kijana mwenye saratani, popote alipokuwa nchini, hakuwa na likizo ya namna hiyo: tarehe yake ya kliniki ilikuwa palepale. Mada hii, kwa wahudumu wa afya wanaokutana Lagangabilili, inamhusu yeye.

Siku za mwanzo ilisemwa kwamba korona haiwasumbui vijana. Kwa wengi ilikuwa kweli. Kwa wenye saratani, takwimu zilizochapishwa mwaka 2021 zilisema vingine. Hospitali 131 katika nchi 45 zilikusanya taarifa za watoto na vijana 1,500 wa chini ya miaka 19 wenye saratani walioambukizwa. Takriban mmoja kati ya watano aliugua vibaya, na karibu wanne katika kila mia walifariki kwa UVIKO-19. Waliokuwa na miaka 15 hadi 18 waliugua vibaya zaidi kuliko wadogo zao. Waliotibiwa katika nchi za kipato cha chini, na za kipato cha kati ngazi ya chini, kundi ambalo Tanzania imo, walikuwa hatarini kuliko wote.

Virusi ni vilevile. Kinachotofautiana ni damu inayovipokea, na njia ya kufika hospitali.

Tibakemikali huua seli za saratani, na papo hapo huzipunguza chembe nyeupe za damu. Mara nyingi hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, wakati ambao kijana ameshatoka wodini na yuko kijijini. Rika hili pia huchelewa kugunduliwa. Saratani ya mfupa hupenda kuanzia karibu na goti, na goti la mvulana wa miaka 16 likivimba, nani hatasema ni mpira? Anachuliwa, anafungwa dawa za kienyeji, miezi inapita. Anapofika hospitali ya Bugando, Mwanza, anahitaji dawa kali zaidi.

Njia nayo ina mambo yake. Uganda ilisimamisha usafiri wa umma mwishoni mwa Machi 2020, na wagonjwa wa Taasisi ya Saratani pale Mulago wakapata taabu kuzifikia dawa zao. Tanzania haikusimamisha mabasi. Ila kutoka Lagangabilili hadi Mwanza, kupitia Bariadi na Lamadi, basi lililojaa ndilo mahali pabaya kuliko pote kwa mtu asiye na kinga. Nauli ya siti ya dirishani na barakoa safi ni sehemu ya matibabu, ingawa hakuna anayeiandika kwenye cheti.

Chanjo ya UVIKO-19 ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, ikianza na ya Johnson & Johnson, kwa wenye miaka 18 na zaidi. Wenye magonjwa sugu walipewa kipaumbele, lakini msichana wa miaka 17 mwenye saratani ya damu alibaki nje ya mlango. Kinga yake ilikuwa ya kuazima: wazazi, kaka na shangazi wanaolala naye nyumba moja wachanjwe wao. Kuhusu kupiga nyungu, yaani kujifukiza mvuke, heri isemwe wazi: kuwafunika watu watano blanketi moja pamoja na mgonjwa huyu ni kumkusanyia pumzi za wote.

Jambo zito zaidi linatokea zahanati. Simiyu homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na mara nyingi kipimo cha haraka kinasoma kweli. Lakini kwa kijana aliye kwenye tibakemikali, kipimo cha malaria hakifungi mjadala, kiwe chanya au hasi. Joto la nyuzi 38 ni dharura, saa nane za mchana au saa nane za usiku. Panadol inayotolewa kabla ya kupima joto huficha dalili pekee iliyokuwapo, kwa sababu mwili usio na chembe nyeupe hautoi usaha wala uvimbe wa kuonekana. UVIKO-19 ipimwe. Hata hivyo majibu yake yasisubiriwe, kwani bakteria wanaweza kuwamo pia, na lengo ni antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja. Sindano ya msuli iepukwe: chembe sahani zikiwa chache, damu huvujia ndani.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2023. Virusi havikuondoka, na tibakemikali inaendelea kutolewa Mwanza. Kwa hiyo zahanati yenye kijana wa namna hii kijijini inahitaji vitu visivyo vya gharama kubwa: kipimajoto kinachofanya kazi, jina lake daftarini pamoja na tarehe ya dawa ya mwisho, namba ya simu ya wodi inayomtibu, na makubaliano ya mapema na mwenye bodaboda au gari atakayemchukua usiku.