Waliovushwa Maji: Askari na Wapagazi wa Kongo katika Vita vya 1914–1918



Tukisikia habari za askari waliopanda meli kwenda vitani mwanzoni mwa karne ya 20, mawazo yetu hukimbilia bandari za Ulaya. Naomba leo tubaki Bukavu. Hapa Ruzizi inatoka Ziwa Kivu, na ng'ambo yake ni Cyangugu, ambako mwaka 1914 walikaa Wajerumani. Mji wetu ulikuwa mpakani mwa vita.

Na vita vyenyewe vilitufikia kwa maji. Agosti 1914 Wajerumani waliharibu mitumbwi huko Mokolobu, kusini mwa Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika. Tarehe 22 ya mwezi huo meli yao, Hedwig von Wissmann, ikaipiga mizinga Lukuga, yaani Kalemie ya leo, na kuiharibu Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji. Septemba wakateka kisiwa cha Ijwi, katika Ziwa Kivu, wakakaa huko mwaka mmoja na nusu.

Kilichofuata kimeandikiwa vitabu vingi Ulaya. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kwa treni kutoka Cape Town hadi Fungurume, kisha zikavutwa nchi kavu kupita milima ya Mitumba hadi Sankisia, zikielekea Ziwa Tanganyika. Katika vitabu hivyo shujaa ni kamanda wao, Spicer-Simson. Lakini tujiulize: nani alikata miti, akatengeneza madaraja zaidi ya 100, akashika kamba boti iliposhuka mteremko? Ni Wakongo. Desemba 26, 1915 boti hizo ziliiteka Kingani, meli ya Wajerumani, na Februari 9, 1916 Hedwig ikazamishwa. Bila mikono ile, boti zisingeuona ufuko wa Tanganyika.

Ziwa likaanza kufunguka. Aprili 1916 Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo, chini ya Jenerali Tombeur ilianza kusonga mbele: Ijwi ikakombolewa, brigedi ya Olsen ikavuka Ruzizi, ile ya Molitor ikaingia Kigali Mei 6. Kigoma ilitekwa Julai 28. Agosti kikosi kingine kilivushwa Ziwa Tanganyika kikashuka Karema, na Septemba 19 Tabora ikaanguka.

Hapo kwenye kuvuka ndipo napenda tukae kidogo. Mpagazi aliyechukuliwa kwa nguvu kijijini, mzigo wa kilo 25 hivi kichwani, akiwa nchi kavu aliweza kutoroka usiku na kufuata njia aliyoijia. Akishapandishwa chombo, akateremshwa upande wa pili wa ziwa lenye upana wa kilomita 50 hivi, atarudi kwa njia gani? Hana mtumbwi, hana ndugu pale, na chakula chake ni kile anachogawiwa. Kwa maoni yangu, maji yalimfunga mtu kuliko bunduki ya mlinzi. Wapagazi walioandikishwa Kongo wakati wa vita walizidi 200,000. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na njaa, si risasi.

Baada ya vita Wabelgiji walipata Ruanda-Urundi. Tombeur alipewa ubaroni, na jina la Tabora likaungwa na lake: Baron Tombeur de Tabora. Askari aliyeingia Tabora kwa miguu, na mpagazi aliyembebea risasi, hawakuongezewa jina lolote. Hata yale waliyopewa na wazazi wao hatuyafundishi darasani. Huo ni udhalimu, na sehemu yake sasa ni yetu wenyewe.

Ndugu zangu walimu, ninaomba jambo moja. Kila mmoja wetu awatume wanafunzi wake kwa wazee wa ukoo, Bukavu, Ijwi, Uvira, Fizi hadi Kalemie, wakaulize: nani katika nyumba yetu alichukuliwa wakati wa vita vile, alivushwa wapi, alirudi au hakurudi? Waandike jina, kijiji na jina la baba. Waliosikia habari hizi kutoka vinywani mwa wenyewe ni wazee sana sasa, kwa hiyo kazi ianze muhula huu.