Kompyuta rahisi ni ipi?

Wengi wanaotaka kununua kompyuta ya nyumbani huniuliza: mfumo upi ni rahisi, Windows, Mac au Linux? Mimi huwajibu kwa swali: siku ikikwama, nani atakusaidia?

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani, ambazo ndizo mitumba tunayoimudu, hazitimizi masharti ya Windows 11. Bado zinawaka na kufanya kazi, lakini mwenyewe anaambiwa anunue nyingine.

Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, hupatikana bure. Toleo kama Linux Mint lina menyu inayofanana na ya Windows. Mtu wa kuandika barua na kutazama picha hatapotea. Taabu huanza siku printa inapogoma, na fundi wa mtaani amezoea Windows tu. Mac nayo haina ugumu. Ugumu uko kwenye bei.

Kwa hiyo urahisi mwingi ni mazoea, na mazoea hufundishika. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Njia walituonyesha. Nasema vyuo vyetu viwafundishe mafundi Linux pia, ili kompyuta nzima isitupwe kwa kukosa mtu wa kuihudumia.