Profesa Gregory na Bonde la Ufa

Msafiri atokaye Tanga kwenda bara, afikapo Mombo, huona milima ya Usambara imesimama wima kando yake kama ukuta. Wenye elimu ya miamba husema kwamba hapo zamani sana ardhi ilipasuka, upande mmoja ukabaki juu na wa pili ukadidimia. Leo twapenda kuwazungumzia mtu aliyekuja kuzitazama nyufa za namna hiyo kwa miguu yake, Profesa John Walter Gregory.

Alizaliwa London mwaka 1864. Alipopata miaka 15 aliacha shule akawa karani katika biashara ya sufu. Mchana aliandika hesabu za sufu, usiku alisoma, hata mwaka 1887 akapata kazi katika nyumba ya makumbusho. Mwaka 1892 alifuatana na msafara mkubwa uliokuja Afrika ya Mashariki, lakini ulivunjika kabla haujafika mbali, naye akaugua homa. Mwingine angalirudi kwao. Yeye alikwenda Mombasa, akaandika watu wapata 40 tu, na mwaka 1893 akashika njia ya Baringo.

Profesa Suess wa Vienna alikuwa amekwisha kusema kwamba bonde lile ni ufa wa ardhi, lakini aliyasoma hayo katika habari za wasafiri, asilione. Gregory aliziona kuta mbili zikielekeana, na katikati nchi imezama. Wala si kazi ya mto. Ndiye aliyelipa jina la Bonde Kuu la Ufa.

Kisha alipanda mlima Kenya hata penye barafu. Asubuhi moja wapagazi wake, watu wa pwani, walikuta maji ya sufuriani yamekuwa meupe na magumu. Wakasema yamerogwa, wakataka kuyatupa. Akawaambia wayatie motoni. Twacheka, lakini mawe aliyoyaokota Gregory yalifika pwani juu ya vichwa vyao.

Baadaye alifundisha Melbourne, kisha Glasgow tangu 1904 hata 1929. Mwaka 1925 alitoa kitabu akitaka weupe na weusi watengwe. Hapo hatumfuati hata hatua moja. Mwaka 1932, naye ana miaka 68, alikuwa Peru akitazama miamba. Mashua yake ikapinduka katika mto Urubamba, akafa maji.