Kiti Kilichoponyoka kwa Watu 89

Leo nina habari ya watu 89. Ukiwapakia kwenye mabasi mawili ya mikoani wanaenea wote, na nafasi inabaki. Kwa upungufu wa watu hao tu, jimbo la New York, lililohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 20, lilipoteza kiti bungeni Marekani.

Ilikuwaje? Baraza la Wawakilishi lina viti 435, na haviongezwi hata watu wakiongezeka. Kila baada ya miaka 10 watu huhesabiwa, viti vikagawanywa upya. Jimbo moja likipata, jingine limenyang'anywa. Matokeo ya sensa ya 2020 yalipotangazwa Aprili 2021, kiti cha mwisho kiliangukia Minnesota. New York ingehesabu watu 89 zaidi, kingekuwa chake. Tena kiti hakiondoki peke yake: huondoka na kura moja ya jimbo katika kumchagua rais.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Siku ya sensa ilikuwa 1 Aprili 2020. Korona imetanda, ving'ora vya magari ya wagonjwa havikatiki jijini New York, makarani hawawezi kubisha hodi. Wananchi wakahimizwa kujaza fomu kwa intaneti. Kijana mwenye simu, sawa. Na bibi wa ghorofa ya sita je?

Siasa nayo ilishatia mkono. Serikali ya Trump ilitaka fomu iulize uraia, Mahakama ya Juu ikaizuia Juni 2019. Sensa ile huhesabu wakazi wote, si raia peke yao. Una ndugu Minneapolis anayesubiri makaratasi? Kama aliandikwa, naye alikiokoa kiti cha Minnesota, ingawa haruhusiwi kupiga kura.

Basi ungedhani New York ilipunjwa. Hata mimi nilidhani hivyo. Mei 2022 Ofisi ya Sensa ikatoa ukaguzi wa kazi yake yenyewe: New York na Minnesota, zote mbili, zilihesabiwa watu kupita waliopo! Miongoni mwa waliopungukiwa ni Texas na Florida, na Walatino nchi nzima, kwa karibu asilimia 5. Lakini ukaguzi haubadilishi mgawo. Minnesota inabaki na viti 8 na New York 26, hadi watu wahesabiwe tena 2030.