Gari Kuchemsha Baada ya Matengenezo: Hewa, Thamostati na Hedi Iliyopinda

Malalamiko haya yanasikika katika gereji nyingi, kuanzia Ilala hadi Mwanjelwa. Gari lilikuwa linavuja maji, likapelekwa kwa fundi, rejeta ikabadilishwa na uvujaji ukakoma. Siku chache baadaye, likipanda Mlima Kitonga au likiwa limekwama kwenye foleni, linachemsha. Mwenye gari anamlaumu fundi, fundi anailaumu rejeta ya dukani. Mara nyingi rejeta haina kosa. Kuziba uvujaji ni kazi moja na kuurudisha mfumo wa kupoza katika hali yake ni kazi nyingine; hiyo ya pili ndiyo huachwa njiani.

Mshukiwa wa kwanza ni hewa. Maji yanapomwagwa, hewa huingia na kujificha sehemu za juu, hasa kwenye silinda hedi na hozi za hita. Wota pampu imeundwa kusukuma maji. Ikikutana na hewa huzunguka bure. Hapo hedi, karibu na vali za ekzosi, hushika moto mkali huku sehemu ya chini ya injini ikiwa bado kawaida. Kibaya zaidi, sensa ya joto husoma sawasawa ikiwa imezama kwenye maji. Ikizungukwa na hewa, mshale wa geji unaweza kutulia katikati, au hata kushuka ghafla, ilhali hedi inaungua. Dereva anaona mambo shwari na anaendelea na safari.

Kutoa hewa kunataka subira. Gari liegeshwe pua ikiwa juu, injini ikiwa ya baridi, na hita ifunguliwe hadi mwisho upande wa joto. Kulanti imiminwe polepole huku hozi ya juu ikibinywa kwa mkono mpaka mapovu yapungue, kisha injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi. Kwa dakika kadhaa hakuna kinachoonekana. Halafu maji mdomoni mwa rejeta yanashuka ghafla, na hozi iliyokuwa baridi inaanza kupata moto: thamostati imefunguka. Kilichopungua kijazwe, kifuniko kifungwe, na feni isubiriwe iwake na kuzima angalau mara mbili. Hita ikipuliza baridi wakati injini ni ya moto, hewa bado imo.

Thamostati yenyewe ndiyo kifaa kinachoonewa kuliko vyote. Wapo mafundi wanaoing'oa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Katika injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST, Vitz na Probox nyingi, thamostati huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi. Ikiondolewa, injini huchelewa kupata moto, kompyuta huendelea kumwaga petroli ya ziada, na petroli hiyo huchafua oili. Kwenye injini zenye thamostati ya vali mbili, mambo huwa mabaya zaidi: njia ya pembeni hubaki wazi, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari lisilo na thamostati linachemsha mlimani. Hata inayofungwa upya huwa na kivalvu kidogo cha kupitisha hewa. Kwa kawaida hicho hukaa juu, na kikielekezwa chini hewa hunasa.

Kisha kuna kifuniko. Kile cha kilopaskali 108 hupandisha kiwango cha maji kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Bila mgandamizo huo, maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 94 hivi katika miji ya mwinuko kama Nairobi na Mbeya. Lakini mfumo uliozoea kifuniko kibovu, ukifungiwa kipya, hupata mgandamizo ambao hozi zake kuukuu haziuwezi. Zikipasuka, watu husema rejeta mpya ndiyo imeleta mkosi. Hozi zikaguliwe siku ileile.

Kinachomiminwa ndani nacho huleta shida: maji ya kisima chenye chumvi, ambayo ni mengi pwani, hula aluminiamu. Ute wa yai unaomwagwa kuziba tundu huishia kuziba vijia vyembamba vya rejeta na hita.

Linabaki jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: huenda injini ilishaumia kabla ya kufika gereji. Gari lililoendeshwa bila maji linaweza kupinda hedi au kuunguza gasketi, na rejeta mpya haiponyi hilo. Hozi ya juu inayokuwa ngumu mara tu baada ya kuwasha injini ya baridi, mapovu yasiyokoma, maji yanayopungua bila tone chini, au oili iliyogeuka kama chai ya maziwa, zote ni dalili zake. Kipimo cha kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya silinda hutoa ushahidi bila kufungua kitu. Hedi ikifunguliwa, ipimwe kwa rula ya chuma. Katika injini nyingi ndogo za aluminiamu kikomo cha kupinda ni milimita 0.05 hadi 0.1, kiasi ambacho jicho halikioni.

Vitz za kuanzia 2005 hazina geji ya joto, zina taa ya buluu na nyekundu tu, na nyekundu huwaka mambo yakiwa yameshaharibika. Kwa magari hayo, fundi achomeke mashine ya dayagnosisi, aendeshe gari kwenye mlima akiwa na mwenye gari, na wote wawili waisome namba ya joto kabla ya malipo kukamilishwa.