Kawia Ufike: Maneno Juu ya Makuzi ya Mtoto Mwenye Hali ya Down

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imenitaka niseme mbele yenu juu ya jambo ambalo kwa desturi halisemwi mkutanoni, bali hunong'onwa jikoni. Nalo ni habari ya watoto wetu wanaozaliwa na hali iitwayo Down. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa jambo lisilosemwa haliondoki, ila hukaa likazaa uvumi.

Kwanza nitaje asili yake. Jina hilo latokana na daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza hali hii mwaka 1866 pasipo kujua sababu yake. Mwaka 1959 ndipo Jérôme Lejeune na wenzake huko Ufaransa walipotangaza ya kuwa chembe za mwili wa mtoto huyu zina kromosomu 47 badala ya 46, ile ya ziada ikiwa ni ya namba 21. Kromosomu ni mfano wa nyuzi ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, zinazobeba urithi wa mtoto kutoka kwa baba na mama. Ziada hiyo aghalabu hutokea wakati yai au mbegu inapoumbika, kabla mimba haijatungwa. Kwa hiyo si laana, si deni la mahari, wala si chakula alichokula mama. Ni kweli ya kuwa huzidi kutokea kadiri umri wa mama unavyoendelea, hata ikawa yapata mtoto 1 katika kila 100 mama afikapo miaka 40. Walakini akina mama vijana nao huwazaa watoto hawa, maana wao ndio wazaao wengi. Basi na tuache kumtafuta wa kulaumiwa.

Pili, makuzi yenyewe. Makuzi ya mtoto ni kama safari yenye vituo. Hukaza shingo, hujipindua, huketi, hutambaa, husimama dede, huenda tata, kisha hukimbia. Mtoto mwenye hali ya Down hupita vituo vivyo hivyo, kwa utaratibu ulio karibu sawa. Lililo tofauti ni muda. Tabasamu lake la kwanza halichelewi sana, kwani huja yapata miezi 2 au punde baadaye. Kuketi bila kushikwa, ambako kwa watoto wengine huwa yapata miezi 6 au 7, kwake huwa yapata miezi 11. Kutembea peke yake, ambako kwa wengine huwa yapata mwaka 1, kwake huwa miaka 2 na miezi kadhaa. Neno la kwanza huweza kuja katika mwaka wa 2, na maneno mawili pamoja, kama vile "mama maji", huweza kungoja mwaka wa 3 au zaidi. Hesabu hizi ni za wastani tu: wako wanaotangulia, na wako wanaofika baadaye sana.

Mtaniuliza, kwa nini achelewe? Misuli yake ni milegevu na viungo vyake vimelegea kuliko vya wenzake. Hivyo kazi ya kuinua shingo, iliyo nyepesi kwa mwingine, kwake ni mzigo. Kadhalika, yapata nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengi husumbuliwa na maji nyuma ya kiwambo cha sikio, wasisikie vema. Tezi ya shingoni nayo huweza kupungua nguvu, na macho yakapungua uwezo wa kuona. Asiyesikia atasemaje? Na mwenye moyo uliochoka atatambaaje? Yamkini tukamwita mvivu au zuzu mtoto ambaye kwa hakika ni mgonjwa wa jambo lenye dawa.

Hapo, wazee wangu, ndipo penye hatari. Tunayo methali isemayo, "Kawia ufike." Ni methali njema, lakini haimwambii msafiri aketi njiani. Kumngoja mtoto ni jambo moja, na kumwacha ni jingine. Huko Marekani, mwaka 1983 mtu mwenye hali hii aliishi kwa wastani miaka 25. Siku hizi huishi yapata miaka 60. Damu yao haikubadilika katika muda huo. Kilichobadilika ni utunzaji, na hasa kutibiwa moyo mapema na kuacha kuwafungia watu hawa mbali na jamaa zao.

Wengi wenu mwajua ya kuwa sisemi haya kwa kusoma tu, kwani binti yangu wa pili ni mmoja wao, na sasa ana miaka 4. Kitabu cha kliniki apewacho kila mama huonyesha umri ambao mtoto hutazamiwa kuketi na kutembea, na mke wangu alikuwa akikifunua kwa huzuni kila mwezi. Mimi ni karani, nami naamini daftari. Tukafungua daftari letu, tukaandika alilolifanya mtoto mwezi huu kando ya alilolifanya mwezi uliopita, bila kumtaja mtoto wa jirani. Tangu hapo tukaona mambo ambayo hapo kwanza tusingeyaona: siku aliyoshika kikombe kwa mikono miwili, siku aliyoitika jina lake, siku aliyosimama dede akishikilia kiti cha bibi yake.

Kazi ya nyumbani si kubwa wala haihitaji fedha. Mtoto alazwe kifudifudi mkekani akiwa macho, mkubwa akimwangalia, apate kukaza shingo. Kitu akipendacho kiwekwe mbele kidogo ya mkono wake, apate sababu ya kukifuata. Aonyeshwe kitu na kutajiwa jina lake mara nyingi, kwa maneno machache. Watoto hawa hufahamu mengi kuliko wawezayo kusema. Basi afundishwe na ishara za mikono, ambazo hazizuii usemi bali huuandalia njia. Wala msimnyime lugha ya nyumbani mkidhani lugha mbili zitamchanganya, kwa maana wengi wao huzimudu.

Namalizia kwa maombi matatu kwa Chama. Kwanza, mfuko wetu wa misaada hufunguliwa upesi msiba unapotokea, na ni vema. Lakini nauli ya kumpeleka mtoto kupimwa moyo na masikio ni ndogo kuliko gharama ya jeneza. Naomba nauli hiyo itolewe mapema, hata mtoto akionekana mzima, kwa kuwa kasoro ya moyo haionekani daima kwa macho. Pili, akina mama wa Chama wamzuru mzazi wa mtoto kama huyu katika juma la kwanza, wampe pongezi ya uzazi kama wampavyo mzazi mwingine yeyote. Tatu, tuchunge ndimi zetu. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa kila mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Mtoto huyu alipewa jina siku alipozaliwa. Tumwite kwa jina hilo.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, nayaweka maombi haya mbele ya mkutano ili yaamuliwe.