Pikipiki Kuukuu: Irudishwe Ilivyokuwa au Ibadilishwe?

Jioni ya leo nimepewa dakika chache za kuzungumza nanyi, na jambo nililolichagua huenda likawachekesha baadhi yenu, kwa kuwa mwalimu hutazamiwa aseme habari za vitabu na chaki, si habari za gia na cheni. Walakini pikipiki moja kuukuu imetia mabishano katika nyumba yetu kwa muda wa miaka kadha, nami naona mabishano yenyewe yafaa kusikiwa na wengine.

Swali ni hili. Mtu akipata pikipiki ya zamani iliyokaa bandani miaka mingi, imeshikwa na kutu, na kuku wanataga chini yake, aifanyeje? Airudishe kama ilivyotoka kiwandani, kila kipande mahali pake, rangi ile ile, hata nati zile zile? Au aifanye kama moyo wake upendavyo, akate hapa, aunge pale, atie usukani mrefu na taa mpya, iwe chombo chake yeye? Wapenzi wa pikipiki katika nchi nyingi wamegawanyika makundi mawili kwa ajili ya swali hili, na kila kundi humwona mwenzake kuwa hana akili.

Pikipiki yetu ni BSA ya namna iitwayo M20. Herufi hizo BSA ni ufupisho wa Birmingham Small Arms, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1861 kwa ajili ya kutengeneza bunduki, kabla haijafikiri habari za baisikeli wala pikipiki. Ndiyo sababu alama yake ilikuwa bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. M20 ilianza kuuzwa mwaka 1937, na haikuwa pikipiki ya kuvutia macho. Silinda yake ni moja tu, yenye sentimita za ujazo 496, na vali zake husimama ubavuni mwa silinda, wala si juu ya kichwa chake kama ilivyo desturi ya sasa. Mbele haina shokapu kama tunazozijua, bali mikono ya chuma yenye springi moja kubwa katikati; na nyuma haina springi yo yote ila zile za kiti. Nguvu zake ni nguvu za farasi 13, na uzito wake ni kadiri ya kilo 170. Bodaboda ya leo yenye injini ya 150 hupata karibu nguvu zile zile, tena ni nyepesi kuliko hiyo.

Lakini injini ile ni ya subira. Huvuta polepole kutoka chini kabisa, wala haikasiriki upesi ikitiwa petroli hafifu, na fundi mwenye spana chache aweza kuifungua chini ya mti. Kwa hiyo jeshi la Waingereza liliipenda. Katika Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa M20 zaidi ya 120,000, ijapokuwa kiwanda chenyewe pale Small Heath kilipigwa mabomu mwezi wa Novemba 1940 na wafanyakazi wengi wakafa humo. Vita vilipokwisha jeshi likaziuza zilizobaki kwa raia, nazo zikatawanyika duniani.

Moja yao ilimfikia babu yangu, mzaa mama. Alikuwa mwalimu wa misheni aliyekuwa akizungukia shule za vijijini, naye aliinunua katika miaka ya 1950 kwa mtu aliyekwisha kuitumia. Akaipaka rangi nyeusi. Akamwendea mhunzi, akatengenezewa keria pana ya chuma, kubwa mno kwa kweli, ya kuchukua masanduku mawili ya vitabu. Mimi sikupata kumwona akiipanda. Nilipozaliwa ilikuwa imekwisha kulala bandani. Lakini mama yangu hueleza kwamba kijiji kizima kiliijua sauti yake, na kwamba watoto waliokuwa wakicheza njiani walikimbilia darasani kabla mwalimu hajatokea kwenye kona.

Nilipoanza kazi, mwaka 2019, nilikuwa mfuasi mkali wa kundi la kwanza. Nilitaka M20 kama ilivyotoka Birmingham, basi. Nikaazimu kuiondoa ile rangi nyeusi na kuipaka ya kijeshi, na keria ile ya mhunzi nikaifungua na kuitupa nyuma ya jiko. Asubuhi moja ya likizo nikachukua msasa, nikausugua ubavu wa kushoto wa tangi. Chini ya nyeusi ikatokea rangi ya hudhurungi. Nikazidi kusugua, maana mkono ukisha kuzoea msasa haupumziki upesi. Hata nilipotua kufuta jasho, nikaona herufi C iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, na baada yake tarakimu tatu, na baada ya hizo tatu chuma kitupu kinachong'aa.

Wasikilizaji, ile C ndiyo iliyoanza nambari za pikipiki katika jeshi la Waingereza. Nambari ile kamili ndiyo ingaliniambia pikipiki yangu ilikuwa katika fungu gani la zile zilizoagizwa na jeshi, na pengine mwaka gani. Nambari iliyopigwa katika injini, inayoanza na WM20, humpa mjuzi makadirio. Lakini ile ya tangini ilikuwa jina lake la jeshini. Nami nimelifuta kwa mkono wangu mwenyewe, kwa bidii ya kutafuta asili. Siku ile sikuendelea na kazi. Niliketi juu ya debe hata jua likazidi kuwa kali, na nilipoingia ndani sikumwambia mtu.

Tangu hapo nikaanza kujiuliza hiyo asili ni nini. Nikasoma, nikaona kwamba hata jeshini M20 haikukaa hali moja. Mwanzoni mwa vita rangi yake ilikuwa kijani cha udongo. Kuanzia mwaka 1942 ikaamriwa hudhurungi. Na mwaka 1944 ikaamriwa kijani kingine kilichofanana na zeituni. Tena Wajapani walipoitwaa Malaya mwaka 1942, mpira ukaadimika, hata kiwanda kikaacha kutia mpira katika vishikio vya usukani na vikanyagio vya miguu. Vishikio vikafunikwa turubai, na vikanyagio vikabaki chuma kitupu. Sasa mtu akisema, “Nairudisha kama ilivyokuwa,” tuna haki ya kumwuliza, “Ilivyokuwa lini?” Mwenye kutia mpira mpya katika M20 ya mwaka 1943 huenda akadhani anaitengeneza, kumbe anaibadilisha.

Sasa nitaje upande wa pili, na hapa sharti nimlete mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Yeye ana miaka 23, ni dereva wa bodaboda na fundi mzuri kuliko mimi. Neno hili nalisema wazi ingawa atalisikia. Alipoiona M20 alizunguka mara mbili, kisha akasema, “Mjomba, hii tuikate nyuma.” Alikuwa ameona picha za pikipiki za Marekani, zilizofupishwa madigadi na kunyang'anywa kila kitu kisicholazimu. Namna ile ilipata nguvu huko baada ya vita, vijana walipotaka wepesi na mwendo, na fedha za kununua pikipiki mpya hawana. Mpwa wangu alitaka kukata fremu nyuma ya kiti, kuondoa madigadi, kutia shokapu za mbele za pikipiki ya kisasa, na kuweka usukani wa juu.

Nisiwafiche, hoja zake hazikuwa za kitoto. Alisema, “Breki hizi ni za ngoma ya inchi 7. Barabara zetu zina malori na mabasi. Ukisimamishwa ghafula, asili itakusaidia nini?” Akasema taa ya volti 6 huonyesha mbu tu. Nilipomwambia habari za heshima, akanijibu neno lililoniziba kinywa: “Mjomba, babu mwenyewe aliibadilisha. Angaliiacha kama ilivyotoka jeshini, vitabu angalivichukua wapi?”

Na tena, iko mifano inayompa haki. Huko New Zealand katika mji wa Invercargill alikuwapo mtu aitwaye Burt Munro, aliyenunua pikipiki Indian Scout ya mwaka 1920 ikiwa mpya. Ilipotoka kiwandani mwendo wake haukupita maili 55 kwa saa. Munro akaifanyia kazi miaka zaidi ya arobaini, pistoni akizimimina mwenyewe kwa chuma kilichoyeyushwa, na injini akaikuza kutoka sentimita za ujazo 600 hata 950. Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, akaipeleka katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akaweka rekodi ya maili zaidi ya 183 kwa saa. Nani leo angethubutu kusema mashine ile irudishwe ilivyotoka kiwandani? Hali kadhalika vijana wa Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960, waliokuwa wakikutana katika mikahawa kama Ace Cafe ya London, walichukua injini ya Triumph wakaitia katika fremu ya Norton, wakaiita Triton. Wazee waliona ni uharibifu. Leo Triton iliyoundwa vema siku zile hutunzwa kama mali.

Basi nikabaki baina ya mambo mawili: msasa wangu ulionitia aibu, na msumeno wa mpwa wangu ulionitia hofu. Tukakubaliana kwanza tuitazame mashine yenyewe kabla ya kuzidi kubishana, na kazi hiyo ikatuchukua Jumamosi nyingi.

Keria ile ya babu nilikwenda kuiokota nyuma ya jiko. Tulipoirudisha tukaona jambo ambalo sikuliangalia nilipokuwa nikiifungua kwa haraka. Mhunzi hakutoboa fremu hata mahali pamoja. Alizitumia tundu zile zile ambazo jeshi lilifungia vyuma vya mifuko ya pembeni. Boliti nne ukizilegeza, keria yatoka, na pikipiki ni ile ile ya jeshi. Nikamwonyesha mpwa wangu, nikamwambia, “Tazama, huyu ndiye babu yako aliyeibadilisha.” Akatazama kwa muda mrefu, kwa jicho la fundi.

Fremu ya M20 si kama ya bodaboda. Mabomba yake yameingizwa katika viungo vya chuma na kushikwa humo kwa shaba iliyoyeyushwa. Ukikata bomba na kuchomelea jingine karibu na kiungo, moto waweza kuilegeza ile shaba, nawe huoni kwa nje. Utaona siku fremu itakapoachia ukiwa juu yake. Pia ukitia shokapu fupi au ndefu kuliko mikono ya asili, pembe ya shingo hugeuka, na pikipiki huanza kuyumba au kuwa nzito kukata kona. Munro alijua haya yote, na alilipa kwa kuanguka na kuungua mara nyingi. Sisi hatuna miaka arobaini.

Hivyo ndivyo tulivyogawana. Msumeno haukuingia. Usukani wa juu aliutaka, nikamruhusu, kwa kuwa hutoka kwa spana. Ule wa zamani umefungwa kwa gunia na kuandikwa kibandiko. Taa nilishindwa kabisa, nikakubali: ndani ya kikombe kile kile cha zamani kuna balbu mpya ya volti 6 inayokula umeme kidogo na kuangaza vema, na aliye nje hatambui. Breki zilitiwa ngozi mpya na ngoma zikachongwa zikawa mviringo barabara. Hazikuwa za kisasa, lakini sasa zashika. Vipuri si shida kama nilivyoogopa, kwa sababu M20 zilikuwa nyingi mno hata leo wako wauzaji Uingereza wanaotengeneza vipya, ingawa si vyote vyema. Gasketi moja tuliyoletewa ilikuwa haina tundu mahali pake, mpwa wangu akaitoboa kwa patasi huku akinitazama, kana kwamba aniulize kama hilo nalo ni kosa.

Limebaki tangi. Ubavu wa kushoto una ile C, tarakimu tatu, na doa la chuma. Tumelipaka vanishi lisishike kutu, tukaliacha hivyo. Ubavu wa kulia sikuugusa kwa msasa. Pale juu ya rangi nyeusi babu aliandika kwa mkono wake herufi za jina lake, na chini yake neno SHULE, mama asema ni ili askari wa njiani wasimsumbue. Desturi ya jeshi ilikuwa kuandika nambari pande zote mbili za tangi. Yaani yamkini nambari kamili ile niliyoifuta upande mmoja iko upande wa pili, chini ya mwandiko wa babu, na njia ya kuifikia ni kuuondoa mwandiko huo.

Mpwa wangu, yule yule aliyetaka kuikata fremu, ndiye aliyekataa katakata. Mimi bado nafsi yangu hunisumbua usiku mmoja mmoja. Nataka kujua ilikuwa wapi kabla haijafika kwetu. Lakini tangi halijaguswa.

Jumamosi iliyopita iliwaka kwa mara ya pili. Alipiga kiki kama mara ishirini, akavua shati, akapiga tena, ikaunguruma sauti ile nzito ya taratibu, na mama yangu akatoka jikoni akasimama mlangoni, mikono ina unga. Mpwa wangu akaipanda akaenda nayo mpaka penye mwembe wa njia panda. Akarudi akiisukuma. Kabureta inavuja, nasi tunangoja vali ya sindano.